Mvulana Mchafu wa Harrow

Miaka miwili iliyopita, siku ya sikukuu, nilikuwa nimekaa barazani na wajukuu zangu nikijisifu. Mama yenu huyu, niliwaambia, nilimpeleka shule ya bweni akiwa na miaka minane. Alilia mpaka basi likaondoka stendi. Tazameni leo: ni mhasibu, ana nyumba yake, watu wazima wanamwamkia. Nikamalizia kwa methali ambayo wazazi wa rika langu tuliitumia kama muhuri wa posta, kwa kuigonga juu ya kila kitu: mchumia juani hulia kivulini.

Binti yangu alikuwa akimimina chai. Akaweka birika chini, akasema kwa upole, maana si mtu wa makelele: "Baba, unisamehe. Bweni halikunifanya nilivyo. Nilikuwa hivi hivi kabla ya kwenda. Bweni lilinipunguza tu." Kisha akawagawia watoto vikombe, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Nimeibeba sentensi hiyo tangu siku ile. Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na jibu. Na kama ilivyo desturi yangu ninaposhindwa kumjibu mtu aliye hai, nilikwenda kuuliza kwa waliokufa. Nilikuwa na kitabu ambacho nilikinunua mwaka niliostaafu, katika rundo la vitabu chakavu, jalada limekwisha ng'oka. Nilikinunua kwa sababu moja tu: mwandishi wake alikuwa karani wa posta kama mimi. Nilikitumikia kidirisha cha posta kwa miaka ishirini na saba, na nikadhani nitasoma habari za stempu na mifuko ya barua. Nilichokuta katika sura ya kwanza ni mtoto.

Mwandishi huyo ni Anthony Trollope, Mwingereza, aliyezaliwa London tarehe 24 Aprili 1815. Aliandika riwaya arobaini na saba, ukiacha vitabu vya safari na hadithi fupi, na kwa sehemu kubwa ya muda huo alikuwa mtumishi kamili wa posta mwenye mshahara na mabosi. Tawasifu yake aliiandika mwaka 1875 na 1876, akaifungia, akamwachia mwanawe Henry maagizo kwamba itolewe baada ya kifo chake. Alifariki mwezi Desemba 1882, na kitabu kikatoka mwaka 1883.

Baba yake, Thomas Anthony Trollope, alikuwa wakili mwenye elimu nyingi na hasira nyingi zaidi. Wateja walimkimbia mmoja mmoja. Alitegemea urithi wa mjomba wake tajiri asiyekuwa na mtoto, lakini mjomba yule alifiwa na mkewe, akaoa tena uzeeni, akapata mrithi wake mwenyewe. Wakati huo wakili wetu alikuwa amekwisha kodi shamba huko Harrow, kaskazini-magharibi ya London, na kujenga juu yake nyumba nzuri kwa fedha ambazo hakuwa nazo. Kilimo hakukijua. Shamba likamla taratibu kama mchwa anavyokula mlango: kwa nje mlango upo, ukiugusa unabaki na vumbi mkononi.

Harrow ilikuwa na shule kubwa ya watoto wa wakubwa. Kwa mujibu wa waraka wa mwanzilishi wake, watoto wa wakazi wa pale waliweza kusoma bila kulipa ada, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya wakili kuhamia huko. Kwa hiyo Anthony, akiwa na miaka saba, akaingia darasani pamoja na watoto wa malodi, yeye akiwa mwanafunzi wa kutwa asiyelipa, naye akavaa hali hiyo kama alama ya chapa. Siku moja mwalimu mkuu, Dakta Butler, alikutana naye njiani. Akasimama, akamtazama kutoka kichwani hadi viatuni, akamuuliza kama inawezekana kweli kwamba shule ya Harrow imefedheheshwa na mtoto mchafu kiasi kile. Trollope alikuwa na umri wa miaka sitini alipoyaandika hayo, na bado mtu anahisi shavu lake linavyowaka. Anaongeza kwamba bila shaka alikuwa mchafu kweli. Mtu mwingine angejitetea.

Baadaye alihamishiwa shule nyingine ndogo, ambako aliadhibiwa muhula mzima pamoja na wenzake watatu kwa kosa ambalo hakulitenda wala hakujua lilikuwa nini. Mwalimu alikuja kutambua kwamba alimwonea, anavyosema Trollope, lakini hakuwa na ujasiri wa kukiri. Sisi tuliokwisha kuwa wazazi na walimu tungefaa kuisoma habari hiyo mara mbili. Tunadhani watoto husahau. Huyu alikaa na jambo hilo miaka hamsini.

Mwaka 1827 alipelekwa Winchester, shule kongwe aliyosoma baba yake. Kaka yake mkubwa Tom alikuwepo tayari, na kwa utaratibu wa shule ile mwanafunzi mkubwa alikabidhiwa mdogo amfundishe. Tom aliifanya kazi hiyo kwa fimbo nene, karibu kila siku. Walikuja kupendana sana ukubwani, na Trollope anashangaa jambo hilo lilivyowezekana.

Mwezi Novemba mwaka huo huo mama yake aliondoka kwenda Marekani.

Hapa ndipo nilipokifunga kitabu kwa mara ya kwanza. Frances Trollope, ambaye wote walimwita Fanny, alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye marafiki tele, na ndiye aliyekuwa jua la nyumba ile. Alichukua watoto watatu, Henry, Cecilia na Emily, akavuka bahari kwa matumaini ya kuokoa uchumi wa familia. Kwanza alikwenda Tennessee, kwenye makazi ambayo rafiki yake Frances Wright aliyaanzisha ili watumwa wafanye kazi mpaka wajikomboe. Akakuta vibanda na homa, asikae. Akaenda Cincinnati, akajenga jumba la kuuzia bidhaa za urembo. Biashara ikaanguka. Alirudi Uingereza mwaka 1831. Katikati baba naye alimfuata pamoja na Tom, wakakaa huko kwa muda, kisha wakarudi.

Anthony alibaki Winchester. Alikuwa na miaka kumi na miwili mama alipoondoka, na kumi na sita aliporudi.

Ada haikulipwa. Wenye maduka mjini, washona viatu na mafundi nguo, waliambiwa wasimkopeshe tena. Kila mwanafunzi alipewa shilingi moja kwa wiki ya matumizi kutoka kwa mwalimu, ili baadaye izidishwe kwenye hesabu ya mzazi. Yeye akanyimwa, maana ilikwisha kujulikana kwamba mzazi halipi. Wanafunzi wenzake wote walijua. Watoto wana pua kali kwa mambo haya. Likizo moja hapakuwa na nyumba ya kumpeleka, akaipitisha katika vyumba vya kazi vya baba yake pale Lincoln's Inn, akizungukazunguka kati ya majengo yale makuukuu ya mawakili, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kusoma akasoma Shakespeare. Anasema pia, bila kukuza sauti, kwamba siku za Winchester alikuwa akiutazama mnara wa shule na kuwaza kama asingeweza kupanda juu yake na kuyamaliza yote.

Nilipofika hapo sikufikiri habari za fasihi ya Kiingereza. Nilifikiri juu ya mtoto wa miaka minane na godoro lake jembamba.

Lakini nisikimbilie huko. Kulikuwa na mwaka mmoja na nusu uliokuwa mbaya zaidi, kwa ushuhuda wake mwenyewe. Baba alimtoa Winchester akamrudisha Harrow, tena kutwa. Familia ilikwisha hama kutoka nyumba nzuri, ikawa inakaa katika nyumba ya shamba iliyokuwa ikiporomoka, karibu maili tatu kutoka shuleni. Kijana mkubwa, mnene, asiye na mavazi, alikwenda na kurudi katika vichochoro vya matope, akafika darasani na matope yale miguuni, akakaa karibu na watoto waliokuja kwa magari ya farasi. Hakuruhusiwa kuingia katika michezo yao, naye aliitamani michezo ile kwa uchungu. Jioni nyumbani kulikuwa na baba mmoja mgonjwa wa kichwa, akiandika kamusi kubwa ya maneno ya kanisa ambayo hakuna aliyemtuma kuiandika. Ilitoka sehemu yake ya kwanza tu.

Basi katika vichochoro vile kijana akaanza kujisimulia.

Hili ndilo jambo lililonifanya niandike makala haya. Kila mtoto mpweke huota mchana kweupe. Mimi mwenyewe nilipokaa kwa baba mdogo kule mlimani nilikuwa jemadari kila nilipokwenda kuchota maji. Lakini njozi za Trollope zilikuwa na sheria. Hadithi moja aliiendeleza kichwani kwa wiki, kwa miezi, wakati mwingine kwa mwaka na zaidi. Hakuruhusu iingie kitu kisichowezekana. Mhusika mkuu alikuwa yeye, kama ilivyo lazima, lakini hakujifanya mfalme wala lodi, wala hakujiongezea kimo. Alijipa tu akili ya kutosha, moyo mwema, na akawaruhusu wasichana wazuri wampende kidogo. Kesho yake, matopeni, alianzia pale alipoachia. Anakiri kwamba ni tabia ya hatari kwa akili ya kijana, kisha anasema wazi kwamba bila tabia hiyo ana shaka kama angeandika riwaya hata moja. Alipokuwa mwandishi alifanya lile lile, ila alimwondoa shujaa wa mwanzo, yaani yeye mwenyewe.

Unaona mtego ulipo, ndugu msomaji. Mzazi wa aina yangu anasoma maneno hayo na kupiga makofi. Si mnaona! Upweke ndio uliomfanya. Laiti mama asingeondoka, laiti baba angelipa ada, tusingekuwa na riwaya arobaini na saba. Nami nilipiga makofi hayo. Nilikaribia kumpigia simu binti yangu.

Kilichonizuia ni mama.

Maana Fanny Trollope alirudi kutoka Marekani mikono mitupu, isipokuwa daftari za mambo aliyoyaona. Akazigeuza kuwa kitabu juu ya tabia za Wamarekani, kilichotoka mwezi Machi 1832. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu na hakuwa amewahi kuchapisha chochote. Kitabu kiliwachukiza Wamarekani na kikauzwa vizuri mno. Tangu hapo hakuacha: vitabu zaidi ya thelathini, vingi vikiwa riwaya, aliviandika kabla ya kufa. Mwaka 1834 madeni yalipomfika baba shingoni, Anthony ndiye aliyemwendesha kwa gari dogo la farasi hadi London apande meli ya kwenda Ubelgiji, bila kujua hasa kwa nini wanaondoka. Aliporudi akakuta madalali wa mahakama wamekwisha ingia nyumbani, na dada zake pamoja na watoto wa jirani wakipitisha vyombo vya mama kwenye uwazi wa ua kabla havijaandikwa. Familia ikahamia Bruges. Humo mama aliuguza mume na mtoto, Henry aliyekuwa na kifua kikuu, na usiku ule ule wa kuuguza akaandika riwaya zilizowalisha wote. Henry akafa Desemba 1834, baba akafa mwaka uliofuata, Emily akafuata mwaka 1836. Mama akaendelea kuandika, akiamka saa kumi za alfajiri.

Na Tom, yule kaka wa fimbo? Naye aliandika makumi ya vitabu: historia, safari, riwaya. Aliishi miaka mingi na mama yake huko Florence, mtoto aliyeandamana na mama.

Sasa tuhesabu kama makarani. Katika nyumba moja walitoka waandishi watatu wa wino mwingi kupita kiasi. Mmoja alikuwa mama aliyependwa na kila mtu. Mmoja alikuwa kifungua mimba aliyekaa karibu na mama. Mmoja ndiye aliyeachwa Winchester. Kama upweke ndio uliomfanya Anthony mwandishi, nini kiliwafanya wale wawili? Uandishi ulikuwemo nyumbani kama ukimwi wa maziwa ulivyo kwenye kibuyu — naam, namaanisha ile chachu inayobaki ndani na kugandisha kila maziwa mapya. Hata kule kuamka alfajiri, ambako Trollope alikuja kusifiwa na kuchekwa nako, alikuona kwa mama. Baadaye alimlipa mtumishi mzee pauni tano za ziada kwa mwaka amwamshe ili awe mezani saa kumi na moja na nusu, akaweka saa yake mezani, akajitaka maneno mia mbili na hamsini kila robo saa, na kabla ya kifungua kinywa alikuwa amemaliza kazi ya siku. Kisha akaenda posta. Hayo hakufundishwa na matope ya Harrow.

Binti yangu alikuwa amesema jambo hilo hilo kwa maneno machache, akiwa na birika mkononi.

Je, basi upweke haukumpa kitu? Hapo nami sikubali. Ulimpa, lakini si kile tunachopenda kusema. Ngoja nieleze nilivyoona.

Posta ya London ilimpokea mwezi Novemba 1834, akiwa na miaka kumi na tisa, kwa pauni tisini kwa mwaka. Mtihani wake wa kuingia unanifurahisha kila nikiusoma: aliambiwa anakili mistari ya gazeti, akadondosha wino na kukosea tahajia, akaambiwa alete mwandiko mzuri kesho, akakesha akinakili kurasa za historia ya Gibbon, na kesho yake hakuna aliyeutazama mwandiko ule. Nimefanya kazi serikalini. Ninaamini kila neno. Miaka saba aliishi katika vyumba vya kupanga, mchelewaji, mdaiwa. Deni la fundi nguo la pauni kumi na mbili liliingia mikononi mwa mkopeshaji wa riba likamgharimu zaidi ya pauni mia mbili. Siku moja noti zilizokuwa kwenye barua zilipotea, na bosi wake, Kanali Maberly, akamtuhumu kuwa mwizi. Kijana akapiga ngumi meza kwa hasira, chupa ya wino ikaruka na kumwagikia kanali usoni na kwenye shati. Muda si mrefu akaingia mtu na habari kwamba fedha zimeonekana.

Mwaka 1841 akaomba nafasi ambayo hakuna aliyeitaka, huko Ireland, katika mji mdogo wa Banagher. Na Ireland ikampenda. Alipata farasi, akawinda mbweha, akacheka na watu, akamwoa Rose Heseltine mwaka 1844. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1847. Tangu hapo hadi mwisho alikuwa mtu wa sauti kubwa na ndevu nyingi, aliyegonga meza katika mazungumzo, aliyejiunga na kila klabu iliyomkubali. Anapoeleza alivyoingia klabu ya Garrick mwanzoni mwa miaka ya 1860, akiwa na zaidi ya miaka arobaini na mitano, anasema kwamba ndiyo mara ya kwanza kujiona amependwa na wanaume wenzake, na kwamba kupendwa alikutaka maisha yake yote. Mwaka 1868, akiwa amekwisha acha posta, aligombea ubunge huko Beverley, akawa wa mwisho kati ya wagombea wanne. Wengine wanaona ni ubatili wa mtu mashuhuri. Mimi namwona mvulana nje ya uwanja wa kriketi.

Hata sanduku la barua la barabarani ninalihusisha na habari hii, ingawa msomaji ana haki ya kusema ninavuta kamba mno. Posta ilimtuma visiwa vya Channel, na ni yeye aliyependekeza wajaribu masanduku ya chuma kando ya njia, kama alivyoyaona Ufaransa. Yaliwekwa Jersey mwaka 1852, kisha yakaenea Uingereza nzima. Mtu aliyekwisha kaa mwezi mzima bila mtu wa kumwandikia anajua thamani ya tundu la kutia barua.

Lakini faida halisi, kama nilazimike kuitumia hiyo kalamu ya faida na hasara, ninaiona katika riwaya moja, The Last Chronicle of Barset, ya mwaka 1867. Humo yumo kasisi Josiah Crawley, maskini wa kutupwa, msomi wa Kigiriki, mwenye kiburi na huzuni, baba anayewatesa walio wake kwa mateso yake mwenyewe. Anatuhumiwa kuiba hundi ya pauni ishirini, naye hakumbuki aliipata wapi. Askofu anamwita. Crawley hana gari, anakwenda njia ndefu ya matope, na anaingia katika jumba la askofu na matope yale viatuni, mbele ya askofu na mkewe mkali, Bi Proudie. Nilijua kinachofuata, nikasubiri kuona mtu mchafu akidhalilishwa kwenye zulia la wakubwa. Hakudhalilika. Alisimama na matope yake akawajibu, na aliyenyamazishwa ni Bi Proudie.

Ilimchukua Trollope zaidi ya miaka thelathini kufika kwenye ukumbi ule. Na mtu anayesimama pale ana kichwa cha baba yake na miguu ya mtoto wa Harrow. Baba ambaye kila alfajiri, akinyoa ndevu, alimsimamisha mtoto mdogo karibu na kiti chake amsomee Kilatini, kichwa kikiwa kimeinama ili aweze kuzivuta nywele akikosea bila kuacha kunyoa. Mtoto yule alikuwa na haki ya kumtengeneza baba kuwa zimwi. Akamtengeneza kuwa Crawley, ambaye huwezi kumsoma bila kutaka kumpa kiti.

Fanny hakuweza kuuandika ukurasa ule kwa kuwa hakuwahi kusimama mlangoni. Yeye daima alikuwa ndani, akipanga viti. Hicho ndicho ninachodhani Anthony alikipata: jicho la aliye mlangoni. Alilipata kwa bei gani, na ni nani aliyekuwa na haki ya kumnunulia kwa bei hiyo? Wapo watoto wengine waliotembea njia zile zile za Harrow, nao hawakuandika kitu.

Bi Proudie mwenyewe alikufa ndani ya riwaya hiyo, na sababu inajulikana. Trollope alikuwa akiandika klabuni akawasikia makasisi wawili wakilalamika kwamba anarudiarudia wahusika wale wale. Akainuka, akajitambulisha, akawaahidi kwamba mama yule atakuwa maiti kabla wiki haijaisha. Akatimiza. Kisha akajuta. Miaka baadaye alikuwa bado anasema amemkosa, na kwamba anaishi sana na mzuka wake. Mzee mwenye mke, watoto, marafiki na farasi, anamlilia mtu wa kubuni. Waliomzunguka katika vichochoro vile hawakuondoka kamwe, hata nyumba ilipojaa watu halisi.

Jambo moja zaidi nililitambua usomaji wa tatu. Kitabu kile kinamshitaki baba, kinamshitaki Dakta Butler, kinamshitaki mwalimu aliyemwonea. Mama hakishitaki. Kinamsifu kwa kazi yake na ushujaa wake, na kuondoka kwake kinakueleza kama mtu anavyoeleza mvua. Fanny alikufa mwaka 1863, akiwa na miaka themanini na minne. Baba alikufa 1835. Trollope alisubiri mpaka wazazi wote wawili wamekwenda ndipo akaanza kuandika, na alichoandika akakizuia mpaka yeye mwenyewe naye amekwenda. Katika miaka yote ile ya Florence na ziara zake huko, sidhani kama alipata kumuuliza mama: ulipopanda meli, ulidhani mimi ningekaa na nani?

Mimi binti yangu aliniambia nikiwa hai, tena mbele ya chai.

Alipokuja tena, baada ya mavuno, nilimsimulia habari za mvulana wa matope, na ile hadithi ndefu isiyoruhusu kitu kisichowezekana. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nayo, Baba. Usiku, taa zikizimwa."

Nikamuuliza ilikuwaje.

"Basi linakuja Ijumaa, si mwisho wa muhula. Ndiyo hadithi yote. Linapita darajani, linapita kwenye duka la Mwarabu, linasimama getini."

Na ndani ya basi?

"Wewe. Kiti cha pili nyuma ya dereva, na mfuko wa machungwa."